Holo Hajamjibu Kaka Yake

Saa moja na nusu asubuhi, Jumanne ya katikati ya Agosti mwaka jana. Milembe Salu anaingia kwenye ghala la dengu nyuma ya stendi ya zamani mjini Bariadi, anavua kandambili mlangoni, anakunja kitenge magotini na kukaa kwenye turubai. Mbele yake pako wazi. Ungo wa Elina bado uko kwenye msumari ukutani.

Milembe anainuka, anauteremsha ungo huo, anaupangusa vumbi kwa pindo la khanga na kuuweka mahali pa mwenyewe. Kwa misimu tisa wamekaa hivyo, uso kwa uso, magoti yakikaribia kugusana. Elina hajawahi kuchelewa, hata siku za mvua.

Saa tatu simu ya msimamizi inaita. Anatoka nje kuipokea, anarudi, lakini haendi mezani kwake. Anakuja moja kwa moja hadi kwenye turubai na kuchuchumaa.

"Mayu," anasema, kama Wasukuma wanavyomwita mwanamke mzima kwa heshima, "weka kwanza ungo chini."

Elina Limbu, aliyekuwa na miaka 49, alianguka jikoni kwake alfajiri hiyo akiwasha moto. Presha. Walipomfikisha hospitali alikuwa ameshafariki.

Leo Milembe ana miaka 52 na bado anachambua dengu kwenye ghala lilelile. Kazi yenyewe haina siri. Dengu zinafika kutoka vijijini zikiwa na mawe, makapi na udongo mweusi ulioganda. Anapepeta, anachagua mawe kwa vidole, anajaza gunia. Kila gunia ni shilingi 2,500, na akijitahidi anamaliza manne kwa siku. Vumbi linamkaba kifua kuanzia Julai hadi Oktoba. Mgongo, anasema, aliacha kuuhesabu kama kitu chake.

"Mikono inafanya kazi, macho yanafanya kazi," anasema. "Mdomo ndio unakaa bure. Ndiyo maana tulianza yale mambo yetu."

Mambo yao yalikuwa hadithi. Si hadithi ya mmoja kusimulia na wengine kuitikia. Kila mmoja alikuwa "anashika mtu", yaani anachagua mtu wa kubuni, anampa jina, anamsemea na kumtendea. Sheria ilikuwa moja tu: mtu wa mwenzako humsemei. Unaweza kumletea mvua, wezi au ugonjwa. Maneno yatakayotoka mdomoni mwake ni ya aliyemshika.

Wanawake wengine wa turubai walijaribu wakachoka. Walibaki wawili hao, na wengine wakawa wasikilizaji. Hadithi haikuwa na jina. Waliiita "kule". Asubuhi Elina alikuwa akishakaa tu, anauliza: "Haya, kule kumekuchaje?"

Milembe, mzaliwa wa Zagayu, alimshika Nkwabi, mwanamume mwenye ng'ombe wengi na kiburi kingi zaidi. Elina, aliyetoka Migato, alimshika Holo, dada yake Nkwabi. Hadithi ilianza siku Nkwabi alipompigia kelele dada yake mbele ya wageni kwa sababu ya ugali uliopoa. Holo hakujibu. Alibeba chungu kimoja na mkeka, akavuka mto, akajenga kibanda upande wa pili.

Kazi ya Milembe kwa misimu minane ikawa kumrudisha Holo nyumbani.

"Nilimletea mafuriko," anasema, na kwa mara ya kwanza anatabasamu. "Elina akaniambia, Holo amepanda juu ya paa, anasubiri maji yashuke. Nikaleta fisi. Akasema, Holo amewafungulia mlango, wameona sura yake wakaondoka."

Wilhelmina, mwanamke wa makamo anayekaa pembeni ya Milembe, anadakia bila kuinua macho kwenye ungo wake. "Na moto je? Si ulimchomea nyumba?"

"Nilimchomea."

"Akauota moto wenyewe."

Wote wawili wanacheka, kisha Milembe anaacha ghafla na kurudi kwenye dengu zake.

Milembe na Elina walikuwa wakibishana kila siku, na ubishi wenyewe ulikuwa uleule. Milembe aliamini hadithi ni matukio: lazima kitu kitokee, na baada yake kitokee kingine. Elina aliamini hadithi ni watu.

"Nilikuwa namwambia, ng'wana Limbu, bila matukio watu wako watakaa tu wanakunywa uji," anakumbuka Milembe. Ng'wana Limbu maana yake ni mtoto wa Limbu, na ndivyo alivyomwita siku zote. "Ananijibu, na wanywe, utawajua kwa wanavyokunywa. Nilikuwa naona ni uvivu. Mimi nahangaika kutafuta mambo usiku kucha, yeye anakuja na Holo wake aliyekaa tu pale kama kisiki."

Wasikilizaji nao waligawanyika. Constantine, mbeba magunia, alikuwa upande wa Milembe. Akipita na gunia begani alisimama kusikia kuna jipya gani, na kama hakuna alilalamika: "Leo tena hakuna kilichotokea? Nyie kina mama mnanipotezea muda." Wilhelmina alikuwa upande wa Elina. Alimpenda Holo kwa sababu, anasema, alimkumbusha shangazi yake ambaye hakumwogopa mtu isipokuwa kuku jike mwenye vifaranga.

Jumatatu ile, siku moja kabla ya kifo, Milembe alikuwa ameishiwa. Alileta ukame, na Holo akachimba kisima. Milembe akatupa ungo chini.

"Sasa unataka nifanye nini ili huyu mwanamke arudi?"

Elina aliendelea kupepeta kidogo. Kisha akauliza: "Umewahi kumwomba?"

Kwa misimu minane Holo alikuwa amepelekewa kila aina ya balaa ili arudi, na hakuna siku Nkwabi aliyowahi kuvuka mto mwenyewe.

Mchana huo alivuka. Milembe anakumbuka kila neno. Nkwabi alifika uani kwa Holo bila fimbo yake, akasimama. Elina akasema Holo ametoka ndani, amemtazama, amerudi, ametoka tena na kigoda, amekiweka mbele yake. Nkwabi akakaa. Akasema: "Dada, nilikosea. Turudi nyumbani."

Elina alicheka, akasimama, akautundika ungo wake kwenye msumari.

"Holo atakujibu kesho," alisema. "Mwache alale nalo kwanza."

Msiba ulipokwisha, kazi iliendelea, kwa sababu dengu hazingoji. Wiki tatu zilipita hakuna aliyetaja kule. Kisha Constantine, ambaye kila mtu ghalani anamjua kwa kutojua kunyamaza, alisimama na gunia lake.

"Mama Fredrick," alimwambia Milembe, kwa jina la mtoto wake, "si useme tu alirudi? Alirudi, yakaisha, tupumzike."

Milembe alifikiri. Matukio yalikuwa yake siku zote. Akakaza sauti kama ya Elina na kumsemea Holo: "Sawa kaka, twende."

Wilhelmina aliweka chini ungo wake.

"Huyo siyo Holo," alisema taratibu. "Holo hakuwahi kumwambia mtu yeyote sawa."

Milembe alitoka nje. Alikaa kwenye kivuli cha lori lililokuwa likisubiri mzigo, na hakurudi hadi saa nane.

"Pale ndipo nilipoelewa kwamba amekufa," anasema. "Makaburini nilikuwa naona watu wengi, naona vumbi. Lakini siku ile nilimtafuta Holo kichwani mwangu, nikakuta hayumo. Nilikuwa na mafuriko, nina fisi, nina kila kitu. Sina mtu wa kutokewa nayo."

Nyumbani kwake, chumba kimoja cha kupanga kwenye nyumba ya wapangaji wanne, hakuna wa kuongea naye. Mume alifariki zamani. Fredrick anafanya kazi Mwanza na anapiga simu Jumapili. Binti yake, Nancy, ameolewa Binza, Maswa, na ana watoto wadogo watatu. Milembe anasema hawalaumu. Anapika ugali wa mtu mmoja, na kwa muda mrefu alikuwa anakosea vipimo, unabaki.

Arobaini ilipofika, Januarius, mume wa Elina, alikuja ghalani kuchukua vitu vya mkewe: kandambili, chupa ya maji na ule ungo. Ni mtu wa maneno machache. Alisimama kwenye turubai akiwa na kofia mkononi.

"Mwadila, mayu," alimsalimia Milembe, kwa salamu ya mchana.

"Mwadila, shemeji."

"Jumatatu ile, wakati wa chakula cha jioni, alikuwa anaongea peke yake. Nikamuuliza, unaongea na nani? Akasema, namtafutia Holo jibu."

Milembe alimshika mkono. "Alilipata?"

"Sijui kama alilipata. Alicheka sana. Akasema, Milembe atanikasirikia huyu."

Aliuacha ungo. Akasema yeye hana kazi nao.

Milembe amelibeba neno hilo mwaka mzima. Anaamini sasa kwamba Holo angekataa. Lakini kujua hivyo, anasema, hakujamsaidia kama Constantine anavyodhani.

"Constantine ananiambia, basi umeshajua, alikataa, maliza. Mimi namuuliza, alikataaje? Alisimama? Alimpa uji kwanza, ndipo akakataa? Alimwambia neno gani mpaka mwenyewe akacheka vile?" Anachagua jiwe, analitupa kwenye kopo. "Kukataa ni kitu kidogo. Hata mimi naweza kukataa. Elina alikuwa anabishana na mimi misimu yote hiyo, na nilikuwa sijamwelewa."

Msimu huu mwenye ghala amemleta Esteria, mwanamke wa miaka 30 kutoka Migato, kukaa mahali pa Elina. Alikuja na ungo wake. Wiki ya pili, baada ya kusimuliwa na Wilhelmina, aliomba amshike Holo.

"Nilimwambia hapana, mdogo wangu," anasema Milembe. "Sikumwambia kwa ubaya. Nikamwambia, leta mtu wako."

Esteria alifikiri siku mbili, akaleta mtu wake. Ni msichana anayeitwa Kabula, ana kigugumizi na anapenda kubishana. Amepita kwa Nkwabi, amekuta mwenye boma hayupo na ng'ombe wana njaa. Sasa yeye ndiye anayewachunga. Juzi Milembe alitaka ng'ombe mmoja atumbukie mtoni. Esteria akauliza Kabula afanye nini, na Milembe akajisikia akijibu: "Wewe ndiye unayemjua."

Milembe ana mpango. Mwakani anataka kukodi nusu ekari Zagayu, kwa ndugu zake, apande dengu zake mwenyewe badala ya kuchambua za watu. Esteria amemuuliza kama ataondoka kabisa. Amejibu kwamba atalima, lakini msimu wa kuchambua ukifika atarudi ghalani, kwa sababu Nkwabi hawezi kuachwa kule peke yake.

Nkwabi bado yuko uani kwa Holo, amekaa kwenye kigoda.

Zamani kila asubuhi alikuwa anamsalimia dada yake kwa sauti kutoka ng'ambo ya mto, "Mwangaluka!" na Holo anamjibu, "Kumbe hujafa." Siku za kazi, saa moja na nusu, Milembe anavua kandambili, anakunja kitenge, anakaa. Ungo wa Elina uko kwenye msumari. Milembe anautazama na kusema, kwa sauti nzito ya Nkwabi, "Mwangaluka, dada."

Wanawake wanasubiri kidogo. Kisha wanaanza kupepeta.