Mjomba wa Wanafunzi Tisa

Ofisi ya mwalimu wa ushauri katika shule yetu ilikuwa stoo ya vifaa vya michezo, na vifaa vyenyewe havijahama vyote. Kwenye kona kuna mipira minne isiyo na upepo, na juu ya kabati la mafaili umelala wavu uliochanika. Kuna meza moja na viti viwili. Mtu wa tatu akija, mwalimu hugonga ubao mwembamba unaotutenganisha na kuita, "Maktaba! Nina mtu amesimama huku!"

Maktaba ni mimi, ninayetunza vitabu upande wa pili wa ubao. Nabeba kiti changu, nakipeleka, na mara nyingi nabaki hukohuko, kwa sababu kwangu sina tena pa kukaa. Ndivyo nilivyoyajua haya. Wahusika wameniruhusu kuyaandika, isipokuwa fundi viatu. Yeye hakuniruhusu, aliniagiza.

Wanafunzi humwita mwalimu huyo Ngoja Kwanza. Ni mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kidogo, aliyefundisha hesabu miaka ishirini kabla ya kupewa ile stoo. Mwanafunzi akiingia analia, humwambia, "Ngoja kwanza, kaa." Mzazi akiingia na mkanda mkononi, humwambia, "Ngoja kwanza, baba, urudishe kiunoni, suruali isije ikakuaibisha mbele ya mtoto." Anaamini kwamba shida za watu ni kama maswali ya mtihani: wengi hukosa kwa sababu wameanza kujibu kabla ya kusoma swali mpaka mwisho.

Fundi viatu ana kibanda nje ya geti. Shule yetu ina sheria kwamba mwanafunzi mwenye kosa alete mzazi, na wanafunzi wanaoogopa kuleta mzazi walikuwa wakimleta fundi. Kwa soda moja alinawa gundi, akavaa koti la kijivu analolitundika kwenye msumari, akavuka geti akiwa mjomba. Hakukubali kuwa baba hata siku moja.

"Ubaba ni kazi nzito," aliniambia. "Mjomba akisahau mtoto yuko kidato cha ngapi, nani atashangaa?"

Ngoja Kwanza alimjua tangu mara ya kwanza. Angewezaje kutomjua, na yeye ndiye anayemshonea viatu? Lakini hakumfichua. Alimpa kazi.

"Mjomba," alimwambia, "nimefurahi umekuja. Kila Jumatano utakagua madaftari ya huyu mpwa wako, utie sahihi, uniletee."

Fundi hakuwa na njia ya kukataa bila kujiumbua, kwa hiyo alikagua. Mwaka ulipofika katikati, alikuwa na wapwa wanane na rundo la madaftari kando ya soli zake. Siku moja alikuja akiwa amekunja uso.

"Mwalimu, huyu mpwa wangu wa kidato cha kwanza anajumlisha sehemu. Mimi sehemu ziliniacha nikiwa mdogo."

"Ngoja kwanza," akasema Ngoja Kwanza, akavuta karatasi na kumfundisha kujumlisha sehemu.

Fundi alipotoka, nilimuuliza mwalimu kwa nini anavumilia uongo huo. "Mtoto amemchagua yule," alinijibu. "Akingoja kiatu chake pale kibandani anamweleza mambo ambayo mimi sitaambiwa. Mzazi wa kweli nitamfuata mwenyewe, taratibu."

Mpwa wa tisa aliitwa Saa Nne.

Alikuwa binti wa kidato cha nne, mrefu, mpole, hodari kuliko wenzake katika masomo yote yanayofundishwa kuanzia saa nne, kwa kuwa ndiyo saa aliyokuwa akifika. Masomo ya asubuhi hakuyajua kabisa. Mwalimu wa nidhamu, ambaye husimama getini na daftari la wachelewaji akiwa amenyooka kama nguzo, alihesabu siku kumi na tatu kisha akaandika barua: mzazi afike Ijumaa saa nne na mtoto aache kuchelewa, la sivyo jina lake litaondolewa kwenye orodha ya wanaosajiliwa kwa mtihani wa mwisho. Miaka minne ya masomo ingeishia hapo.

Jumatano fundi alikuja na koti lake kutafuta huruma mapema.

"Nyumbani kwenu asubuhi kuna nani, mjomba?" Ngoja Kwanza aliuliza.

"Kuna... watu wa nyumbani," alisema fundi.

"Kama nani?"

"Babu yupo." Fundi alikuna kichwa. "Yule mzee anatembea, mwalimu. Malapa yake binti ananiletea kila baada ya wiki mbili, kisigino kimekwisha. Sijui huwa anakwenda wapi."

Ngoja Kwanza aliandika neno moja kwenye faili: *malapa*.

Alhamisi saa mbili asubuhi alikwenda nyumbani kwa Saa Nne. Alimkuta binti amevaa sare, ameegemeza mgongo kwenye mlango kwa ndani, na mzee nadhifu mwenye futi ya kupimia nguo shingoni akimwambia kwa adabu, "Mjukuu wangu, nipishe, wateja wananisubiri." Alikuwa fundi cherehani. Duka lake lilifungwa miaka kumi na tano iliyopita, lakini kichwa chake kilikuwa kimesahau habari hiyo, na miguu ilikuwa haijasahau njia. Akiachwa peke yake, alikwenda kulifungua. Pale palipokuwa duka sasa ni nyumba ya watu, na wenye nyumba hawakupenda kuamshwa na fundi.

Mama wa binti alifanya usafi hospitali zamu ya usiku, akirudi saa tatu asubuhi. Mpaka arudi, binti alishika mlango. Mama alikuwa amemwapisha asiseme shuleni, kwa kuwa majirani walishaanza kumcheka mzee, na hakutaka achekwe na shule nzima.

Mzee alimtazama Ngoja Kwanza, akamzungushia futi. "Karibu, mama. Kiuno kimeongezeka kidogo tangu mara ya mwisho."

"Kimeongezeka, mzee wangu," alikubali Ngoja Kwanza, akanyanyua mikono apimwe vizuri.

Mama aliporudi, wakakubaliana: kesho aje shuleni, amlete na babu. Jambo moja tu Ngoja Kwanza alilisahau, naye mwenyewe amelikiri mara nyingi tangu siku hiyo. Hakumwambia fundi viatu asije.

Ijumaa ubao ukagongwa. "Maktaba! Kiti!"

Nilipoingia, mwalimu wa nidhamu alikuwa ameketi na daftari lake, binti amesimama karibu na mipira, na fundi viatu, ndani ya koti, alikuwa tayari anatiririka.

"Mimi ndiye mjomba wake. Mama yake na mimi ni tumbo moja. Tumelala kitanda kimoja, tumekula sahani moja..."

Mlango ukafunguliwa. Akaingia mama, macho mekundu kwa kukesha, amemshika babu mkono.

"Na wewe ni nani?" aliuliza mwalimu wa nidhamu.

"Mama yake."

Binti aliangalia mipira kana kwamba anatamani kuwa mmoja wao. Mama alimtazama mwanawe, akamtazama mwanamume mwenye gundi kwenye kucha, na nikaona anaelewa kila kitu kwa pumzi moja.

"Kaka!" alisema. "Kumbe umetangulia! Mbona nyumbani huonekani? Baba anakuulizia mpaka amechoka!"

"Dada, kazi..." fundi alisema kwa sauti ya mtu aliyetupiwa kamba mtoni.

"Kazi gani? Hata salamu?"

"Nisamehe, dada yangu."

Wangefaulu, nadhani, kama babu asingekuwa fundi mzuri. Alimsogelea fundi viatu, akampima mabega kwa kiganja, bega hadi bega, akarudia.

"Huyu si mwanangu," alisema. "Wanangu wote nimewashonea. Mabega haya sijawahi kuyapima."

Mwalimu wa nidhamu alisimama na kufungua daftari. "Nilijua! Uongo mbele ya walimu! Hili sasa ni kosa la pili, na jina lake..."

"Ngoja kwanza," alisema Ngoja Kwanza.

"Ningoje nini tena?"

"Barua yako ilitaka mzazi. Mzazi ni huyu, ametoka zamuni hajalala. Amekuja, hajaja?"

"Amekuja. Lakini barua ilitaka pia mtoto aache kuchelewa. Jumatatu asipokuwepo saa moja, namfuta. Nani atakaa na mzee?"

Kumbe Ngoja Kwanza alikuwa ameshamweleza habari za nyumbani. Kwa mara ya kwanza nilimwona Ngoja Kwanza amesoma swali mpaka mwisho na jibu hana. Mama alianza kukunja barua, akaikunja mpaka ikawa ndogo kama kidole.

"Mimi kibanda nafungua saa kumi na mbili na nusu," fundi viatu alisema, akiongea na sakafu. "Benchi lipo. Sindano zipo. Mzee akitaka kufungua duka, si afungue langu?"

Mama aliacha kuikunja barua. "Utaweza? Anauliza jambo moja mara kumi."

"Dada, nina wapwa tisa. Nimezoea."

Mwalimu wa nidhamu alitaka kusema neno, lakini babu alikuwa amepiga goti moja mbele yake, ameshika pindo la suruali yake.

"Nani alikushonea hii?" aliuliza kwa huzuni. "Mguu wa kushoto umezidi wa kulia. Unatembeaje mbele za watu?"

Mwalimu alijitazama miguuni. Bado alikuwa akiilinganisha miguu ya suruali mama alipotia sahihi kwenye daftari lake la wachelewaji.

Jumatatu saa moja kasoro dakika kumi binti alifika, babu mkononi. Jina lake lilibaki kwenye orodha. Na jina la Saa Nne nalo limebaki, ingawa sasa anayajua hata masomo ya asubuhi.

Babu hukaa kwenye benchi akishona mikoba na kumkosoa fundi viatu kwa mishono mipana. Fundi hulalamika sana, ila nimeona mishono yake imekaribiana. Saa tatu mama hupita, humchukua baba yake, na humgombeza "kaka" kwa kunywa chai yote.

Wiki iliyopita Ngoja Kwanza aligonga ubao. "Maktaba, njoo dirishani. Kiti kiache."

Ilikuwa saa moja na robo. Mwalimu wa nidhamu alikuwa amesimama mbele ya kibanda, mikono ameitanua, daftari la wachelewaji ameliweka juu ya rundo la viatu, na babu alikuwa akimpima suruali mpya. Nyuma ya mgongo wake wachelewaji sita walikuwa wakipita getini, wameinama, viatu mikononi.

"Usigeuke," tulimsikia babu akisema. "Ukigeuka napoteza kipimo."