Siku Kyuso Nzima Ilinisikia Nikibembeleza Seva

Hii aibu nimeibeba kimya sana, na kama si nyinyi kunichokoza singeitoa. Mnajua nilikuwa nimeandikwa na redio yetu ndogo pale Kyuso niangalie mitambo, kazi yangu ya kwanza, na ile seva ya kupiga nyimbo ilikuwa inazimika kila mara, nikaitengeneza (ama nilidhani nimeitengeneza). Mchana huo jua lilikuwa kali, mji umesinzia, feni za seva zinavuma kama mvua iliyo mbali, na mimi niko nusu macho nusu ndoto, nimejaa raha, wakati Mwende, mtangazaji wetu, aliniita hewani niwaambie wasikilizaji kwamba redio haitazima tena.

Nikaeleza vizuri. Nikasema seva ina visanduku viwili vya kuvuta umeme, kila kimoja na kebo yake, kimoja kikifa kingine kinabeba kazi yote. Hapo ningenyamaza. Lakini nikasema, "Hebu nimwonyeshe Mwende," nikachomoa kebo moja.

Ikazima. Taa zote, feni zote, kimya kikashuka kama usingizi hadi nikasikia njiwa wakitembea juu ya mabati. Mwende akashika kichwa. "Ngai! Wacha nimwite bosi!" Akatoka mbio. Nikarudisha kebo, seva ikapumua kidogo, ikazima tena. Nikapiga magoti, na kwa ile ndoto yangu nikaanza kuiongelesha polepole, vile mtu hubembeleza ng'ombe aliyelala njiani.

"Amka mrembo wangu. Amka kabla yule mzee hajaingia na kitambi chake. Ukiamka nitakupanguza vumbi yote, haki ya Mungu."

Simu ikalia. Alikuwa shangazi yangu Mumbua, anauza ndengu sokoni.

"Kanini, nyamaza! Maiki iko wazi!"

"Shangazi?" nikasema, na hiyo "Shangazi?" ikanirudia kwa simu kutoka redio zote za soko, tamu, ya mbali, kama mtu mwingine ananiita, na nyuma yake kicheko. (Kumbe maiki na mtambo wa kurusha matangazo zina umeme wao, hazikuwa zimezima hata kidogo.)

Nilifunga maiki. Ndipo nikanusa harufu ya kuungua, nikachomoa kile kisanduku kingine, ambacho taa yake ya kijani ilinidanganya kumbe hakiwezi mzigo peke yake na kikiungua kinakiangusha hata kile kizima, na seva ikaamka na kimoja tu. Nilipogeuka, bosi alikuwa mlangoni.

"Kitambi kimefika," akasema. "Endelea na kazi, mama."

Afadhali angenifuta.

Siku hizi kabla ya kumwambia mtu mashine imepona, naipima mwenyewe kwanza, kebo moja, halafu nyingine, redio ikiwa haiko hewani. Na nikiwa kazini siongei kabisa, hata ukinisalimia nakujibu na kichwa.