Neno la Njia Nililolipotosha

Hadi leo naikumbuka siku ile, mwanangu, nilipopanda basi kutoka Newtown kwenda Harborne nikiwa na tasnifu yangu mkobani.

Nilikuwa mwanafunzi wa isimu hapa Birmingham, kijana kutoka Tanga, nikiandika tasnifu juu ya neno moja tu: njia. Watibeti husema lam. Wataalamu wamelinganisha lugha nyingi za ukoo mmoja na Kitibeti, Kiburma kikiwemo, wakakisia kwamba hata mababu wa kale walisema lam, ingawa hakuna aliyewahi kuliandika zama hizo. Mimi nilitaka ushahidi wa Kiburma, nikaenda kwa Mama Khin, muuguzi mstaafu kutoka Burma. Akanitamkia: lan. Nikamwomba arudie mara tatu. Lan. Basi kwa hofu kwamba kazi yangu itaharibika, nikaandika kuwa amesema lam.

Wiki moja kabla sijaitetea tasnifu, akanipigia simu, akataka kuuona ukurasa wenye jina lake. Ndiyo safari ninayokusimulia. Humo ndani ya basi nilikuwa natunga uongo wa pili.

Nilipofika, Mama Khin alivaa miwani, akausoma ukurasa.

"Sikusema hivi," akaniambia. "Umenilisha maneno."

Akachukua kalamu, akaliandika neno kwa hati ya kwao, akaweka kidole kwenye herufi ya mwisho.

"Hii ni m. Wazee wetu waliitamka, sisi tunaiandika tu. Ungeniuliza, ningekuonyesha."

Mwanangu, hata angenitukana, ningeumia zaidi ya hapo? Sidhani. Ushahidi nilioughushi alikuwa nao yeye, wa kweli, tangu siku ya kwanza.

Kesho yake nilimweleza msimamizi wangu yote. Utetezi ukaahirishwa, nikaamriwa kuhakiki kila neno upya. Miezi minane sikujua kama nitafukuzwa. Shahada niliipata, lakini kwa Mama Khin ilinichukua muda kuaminiwa tena.

Sasa nakuona wewe nawe na utafiti wako, chakula hakikupiti kooni kwa wasiwasi. Jibu lisilolingana na ulichotarajia usilinyooshe. Liandike lilivyo, kisha rudi kwa aliyekupa, umuulize sababu. Na kama umeshakosea, sema mapema, hata sauti ikitetemeka.

Mungu akujalie moyo wa kuuliza, na akuweke mbele ya watu watakaokusahihisha kwa upole.