Nyamizi wa Meno, Mtani Wangu Aliyekataa Kuandika Ripoti

Siamini bado, na sina mpango wa kuamini leo. Asubuhi binti yake kanipigia kutoka Tabora: "Mama mdogo, mama ametutoka." Nikamwambia arudie. Akarudia.

Kwa mnaonifuata humu na hamkumjua: Nyamizi alikuwa tabibu wa meno enzi za vijiji vya ujamaa, na mimi nilikuwa nesi niliyepangiwa kufanya naye kazi. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo, kwa hiyo ni watani tangu babu zake walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani. Nikimtania hapa msinishangae. Mtani asipotania msibani, nani atanie?

Basi niseme ukweli: alikuwa mfupi, mbishi, na ugali wake ungeweza kujengea ukuta.

Dada yake alikufa Bukene kwa jino. Jino tu! Taya lilivimba, homa ikapanda, nyumbani wakasema litapoa. Walipoamua kumpakia treni ya Tabora, hakufika.

Alinisimulia mara moja, macho makavu. Akasema, "Nataka kila kijiji kiwe na mtu anayelijua taya la hatari." Hiyo ndiyo ilikuwa programu yake yote.

Tulipewa picha za kufundishia kutoka ng'ambo: mswaki wa plastiki, dawa ya meno, povu tele. Wakati huo hata sabuni dukani uliiona kwa bahati. Nyamizi akazikunja, akasema tutafundisha kwa mswaki wa mti, ule ule wanaotafuna kila asubuhi. Bosi wetu akanuna. Akanuna peke yake.

Kijiji cha kwanza kilikuwa upande wa Choma. Na hapo, jamani, Mnyamwezi wangu akachemsha!

Kila kitu enzi hizo kilipangwa kwa nyumba kumi kumi. Naye akapanga hivyo hivyo: nyumba kumi wakae duara, mmoja aachame, wenzake wajifunze kutazama. Kwenye meeting ya mjini plan ile ilipigiwa makofi.

Walikuja wote, wakakaa. Hakuna aliyefungua mdomo. Tukaimba, tukabembeleza, mwenyekiti wa kijiji akafoka. Wapi! Wanaume walitazama chini, mama mmoja akajifunika khanga uso mzima.

Mwisho mwenyekiti akatunong'oneza. Nyumba zile zilikuwa zimeoana zenyewe kwa zenyewe. Tulikuwa tumemkalisha mwanamume mbele ya mama mkwe wake, tunataka amwonyeshe magego. Na kule mkwe hata kula mbele yako hali.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. "Mnyamwezi mzima umesahau wakwe?"

"Nyamaza, Mzaramo. Nafikiri."

Bosi hakucheka. "Andikeni kwenye ripoti kwamba wanakijiji hawako tayari kwa elimu hii. Gari linahitajika kwingine." Ripoti ile ingefika mkoani, programu ingezikwa siku hiyo hiyo, na sote tulijua.

"Siandiki," Nyamizi akasema.

"Unasemaje?"

"Siandiki, mkuu. Tuliokosea ni sisi, siyo wao. Niachie wiki moja. Gari nenda nalo."

Gari likaondoka kweli! Nikabaki naye katikati ya vumbi, namlaani kwa Kizaramo.

Bibi mmoja akatupokea kwake. Tukiwa tunakula, mjukuu wake wa kike akamchokoza: "Mke mwenza, nyama hii utaitafuna kwa meno yapi?" Bibi akaachama mdomo wote. "Haya, hesabu yaliyobaki, mchokozi wewe!" Binti akatia kidole ndani kabisa, akagusa jino bovu. Bibi akapiga ukelele, kisha wakacheka wote wawili mpaka machozi.

Nyamizi tonge likamganda mkononi. "Umeona?" Nikamwambia nimeona.

Kesho yake tukaita mabibi, mababu na wajukuu tu. Hao hawaoneani haya, utani wao ni wa kuzaliwa. Midomo ikafunguka kijiji kizima! Wajukuu wakajifunza kuchonga mswaki vizuri na kutafuta matundu. Wazee wakajifunza dalili: uvimbe, homa, mdomo kukaza. Ukiziona usingoje, zahanati.

Tena bibi ndiye anayeweza kumwambia mkwe wake, "Mpeleke huyu mtoto leo," na mtoto akapelekwa leo.

Bosi aliporudi akawatazama. "Hawa vikongwe wana qualification gani?"

"Wana wajukuu, mkuu."

Masika yale bibi mmoja alifika zahanati juu ya mkokoteni wa ng'ombe, mjukuu mapajani, taya limejaa. Hakungoja lipoe. Nyamizi aling'oa jino, usaha ukatoka, homa ikashuka, mtoto akaomba uji.

Ndipo nilipomkuta nyuma ya zahanati analia kwa sauti, kilio alichokibana tangu Bukene. Nilimshika. Utani wote uliniishia.

Baada ya hapo hakushikika. Nzega yote aliizunguka kwa baiskeli, kijiji baada ya kijiji, akitafuta mabibi wenye midomo mirefu. Hao ndio aliowapenda kufundisha.

Juzi juzi nilimwambia kwenye simu, "Mtani, umezeeka, pumzika." Akasema bado kuna vijiji hajavifikia. Nikasisitiza. Akanikatia simu!

Nyamizi, sasa pumzika, maana leo huwezi kunikatia. Nimekulilia tangu asubuhi na nitaendelea, lakini kazi haitalala na wewe. Nyie madaktari vijana wa meno mliomo humu, nitafuteni inbox. Magoti yangu ni mabovu ila kumbukumbu ninayo, na mabibi bado wapo.

Lala, mtani wangu, lala salama. Vijiji vilivyobaki ni vyetu.