Kidonge cha Baba Ukweni Gashoho

Baba alikuwa akisafishwa damu kwa mashine hapa Gitega, na mifupa ilikuwa imeanza kumuuma. Muuguzi alimweleza kwamba figo zake hazitoi tena fosforasi ya chakula, nayo ikijaa kwenye damu hudhoofisha mifupa na kuwasha ngozi. Apunguze maharage, dagaa na maziwa, na kila mlo atafune kidonge katikati ya kula, kiikamate fosforasi humo humo tumboni. Mrundi asiyekula maharage sijui anakula nini.

Tulipokwenda Gashoho, Muyinga, kumposa mchumba wangu, Baba alinionya njiani nisiutaje ugonjwa wake.

"Nani atamtoa binti yake aende kuuguza mkwe?"

Nilikubali. Nilimpenda yule binti kuliko nilivyoupenda ukweli.

Wenyeji wetu, wachuuzi waliotoka Kivu ya Kusini, walipakua maharage na dagaa. Baba alikula kama mtu aliyetoka kifungoni, ndipo nikaelewa faida nyingine ya siri yetu. Lakini ni mtu wa utaratibu. Sahani ilipofika nusu, alitoa kidonge mfukoni, akakitafuna. Kilivyo kikavu, chumba kizima kilisikia.

Shangazi wa binti aliweka mwiko chini. Huku kwetu, mgeni akila dawa katikati ya chakula chako, watu wanajua anajikinga na nini.

"Mzee," baba wa binti akasema polepole, "chakula yetu iko na sumu?"

Niliona harusi yangu inapita mlangoni. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Sisi tuliumbuliwa na chakula cha mchana.

Baba akaeleza yote: figo, mashine, mifupa, kidonge. "Nilificha kwa sababu nataka huyu aoe nikiwa hai," akamalizia.

Baba wa binti aliomba kidonge kimoja, akakimega kwa meno, akakunja uso.

"Iko kama chaki," akasema. "Mutu anatafuna hii kila siku, huyo iko anapenda kuishi. Mutoto tutatoa."

Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili nikashukuru. Baba yeye alitokwa machozi kabisa. Nilidhani ni kwa ajili yangu, mpaka nilipomwona shangazi anaelekea jikoni na sahani ya Baba ya maharage, ingali nusu.