Madoa Meupe kwa Samaki wa Jirani

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kutangaza ushindi mapema. Asubuhi moja niliamka nikawakuta samaki hawana doa hata moja, mapezi yamekunjuka, rangi imerudi. Nikashika simu na kumrekodia sauti jirani yetu aliyekuwa amekimbilia Bukavu: "Papa, wamepona! Wote! Hakuna doa!" Nilirukaruka sebuleni peke yangu kama mtu aliyefunga bao. Chumvi niliyokuwa nikiwatibia, iliyobaki, nikamrudishia mama jikoni, maji yote nikayamwaga na kuweka mengine, kioo nikakisugua hadi kikalia. Kabla ya juma kwisha madoa yalirudi, na safari hii samaki walionekana kama wamevingirishwa katika unga.

Samaki wenyewe hawakuwa wangu.

Jirani ni dereva wa malori, asili yake mkoa wa Maniema, mtu anayeswali kwa wakati na kucheka kwa sauti ya kuamsha nyumba nzima. Mlima ulipopasuka, lava ilifunika nyumba yao upande wa kaskazini wa mji, wakaja kupanga mtaa wa Katoyi, ua mmoja nasi. Kila kitu katika chumba chao kilikuwa cha msaada: sufuria, mablanketi, hata ndoo ya kuogea. Kisha siku moja akarudi kutoka Kampala na sanduku la kioo alilolizungushia shuka, na mfuko wa plastiki wenye samaki watano wa rangi ya chungwa. Mkewe akashika kiuno.

"Baba ya batoto, hatuna hata kitanda, weye unaleta samaki? Tena ya kuangalia tu?"

"Kitanda, watu wa msaada watatupa," akajibu. "Hawa nani atatupa?"

Mkewe alinuna siku nzima. Baadaye yeye ndiye aliyekuwa akiwalisha, akiwasemesha, akiwafukuzia watoto waliogonga kioo. Katika chumba kile, samaki ndio kitu pekee ambacho hakuna mtu aliyewagawia.

Vita viliposogea hadi Sake, karibu na mji wetu, na mizinga ikaanza kusikika jikoni kwetu, jirani na familia yake waliamua kupanda boti ya Bukavu. Jirani alilibeba lile sanduku mwenyewe, hatua ndogondogo, akaliweka juu ya meza yetu. "Mutoto wangu," akaniambia, "hii ni amana. Weye ndiye unasomaka-somaka ku simu, utajua kuwachunga." Mkewe aliinama akawaangalia mmojammoja. Mimi nilikuwa na hofu, lakini niseme ukweli: nilikuwa na furaha kubwa zaidi. Sanduku la kioo, maji, samaki hai, mikononi mwangu!

Furaha hiyo ndiyo iliyoniponza. Hesabu ya watano ilinisumbua. Mimi ni mtu wa kupanga viatu vya nyumba nzima mlangoni, vyote vitazame upande mmoja, na nilitaka samaki wawe jozi. Nikaenda mtaa wa Mabanga kwa muuzaji mmoja anayewaweka katika mabeseni, nikanunua wa sita, nikammimina moja kwa moja kwa wenzake. Alikuwa na doa jeupe mkiani. Nilidhani ni urembo.

Doa likawa madoa, yakahama kwa wengine. Samaki wakawa wanajikuna kwenye mawe. Katika simu nilisoma kwa Kifaransa kuhusu ugonjwa wa madoa meupe, nikasoma mstari mmoja tu, ule wa chumvi, nikaukimbilia. Ndipo wakawa safi, ndipo nikatangaza ushindi, ndipo yakarudi. Yule wa sita alikufa kwanza. Kesho yake akafa mmoja wa samaki wa jirani.

Nililia, kisha nikafanya jambo ambalo bado linanisisimua nikilikumbuka. Tulikuwa na mashine mbovu ya DVD. Nikaichokoa ile lenzi yake ndogo kama punje ya dengu, nikaibandika kwa utepe mbele ya kamera ya simu. Nikakwangua ute kidogo ubavuni mwa samaki aliyekufa, nikaupaka kwenye kipande cha kioo na tone la maji, nikakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Mwanzoni ukungu. Kisha, katikati ya skrini, kitu cha mviringo, cheusi kidogo, kikizunguka. Kinazunguka! Polepole, kama gurudumu linalotafuta barabara, na nywele zake pembeni zikitetemeka.

"Mama! Kuja! Kuja uone!"

Mama alikuja na kisu mkononi, alikuwa akimenya viazi. Bibi akamfuata, na dada yangu nyuma yao.

"Ni hii inauaka samaki?" mama akauliza.

"Ndiyo."

"Kadogo hivi? Na weye unacheka?"

"Sicheki, mama, ni furaha tu."

"Furaha ya nini, na samaki ya batu wanakufa?" mama akasema. Bibi aliitazama skrini kwa jicho moja, akasonya. "Mimi nilisemaka. Wangeleta sambaza ya mu ziwa. Sambaza ikikufa, unakaanga."

Dada akacheka hadi akakaa chini. Lakini mimi nilikuwa nimeshapata hamu ya kusoma ukurasa wote, si mstari mmoja. Nikausoma hadi mwisho, na kila sentensi ilinifungulia dirisha. Kumbe doa si ugonjwa wote. Mdudu huyo anapokuwa ubavuni mwa samaki amejifunika chini ya ngozi, na dawa haimfikii. Akishiba hudondoka. Hapo ndipo samaki huonekana amepona! Huko chini hujifunga kwenye jiwe na kugawanyika kuwa wengi, mamia, nao hutoka kuogelea wakitafuta samaki. Ni katika kuogelea huko tu ndipo chumvi inaweza kuwaua. Mimi nilikuwa nimeacha dawa siku ileile walipokuwa chini wakizaana, na sakafu yote ya sanduku niliipamba kwa mawe ya lava, yenye matundu elfu!

Na kulikuwa na jambo la pili. Katika maji ya baridi, kama haya yetu chini ya mlima, mdudu huenda polepole, anaweza kukaa majuma. Katika maji ya vuguvugu huharakisha, hutoka mafichoni mapema. Kwa hiyo joto si la kumuua. Ni la kumharakisha aje akutane na chumvi. Nilitembea sebuleni nikijisomea sentensi hiyo kwa sauti.

Siku hiyohiyo umeme ulikatika, na haukurudi. Waasi waliingia mjini. Tulilala chini, chini ya madirisha, na risasi zikapita juu ya mabati. Niliona aibu kwamba nilikuwa ninawaza samaki, lakini niliwawaza. Milio ilipotulia, mabomba yalikuwa makavu, na kila mtu akaenda ziwani na bidon, dumu lake la maji.

Kule ufukweni, tangu zamani, kuna vijana wenye fulana za kazi wanaotia klorini katika kila bidon kwa sindano, kwa ajili ya kipindupindu. Nilikuwa na bidon mbili. Ya kwanza kijana mmoja akaitia. Ya pili nikaifunika kwa kiganja.

"Hii usitie, ndugu. Ni ya samaki."

"Ya nini?"

"Samaki. Klorini inawaua."

Mstari mzima ukaangua kicheko, kwa mara ya kwanza tangu risasi. "Samaki!" akasema mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu na mtoto mgongoni. "Sisi tunatafuta maji ya kupika, ule kijana anatekea samaki maji! Si uwarudishe tu mule mu ziwa, wakajitekee wenyewe?"

"Ni ya jirani, mama. Aliniachia."

"Aa," akasema, na kicheko kikampungua. "Kama ni ya jirani."

Hata hivyo yule kijana wa klorini akatia. "Sheria ni sheria. Mutu mwingine atakunywa hii, nitajuaje?" Alikuwa na haki. Nikaenda nyumbani, nikayamimina maji katika mabeseni mapana, nikayaacha uani juani, nikiyakoroga kila nilipopita, hadi harufu ikaisha kabisa na siku nyingine ikapita juu yake. Nilikuwa ninaogopa mno kuharakisha tena.

Mawe ya lava niliyatoa yote. Chumvi niliitia kidogokidogo, nikiiyeyusha kwanza. Joto likatoka kwa mbabula, jiko letu la makaa: nilichemsha maji, nikayajaza kwenye chupa, nikazifunga vizuri na kuziweka zielee katika sanduku, zikipoa nazibadilisha. Lakini maji ya vuguvugu hayashiki hewa vizuri, na pampu ilikuwa imelala pamoja na umeme. Basi tukachota maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu, yakiangukia humohumo yapige mapovu. Tukachota, tukamwaga. Dada alichota akiimba. Bibi alichota akilalamika. Mama alisema hatagusa, kisha nikamkuta amesimama pale na jagi, akiwaambia samaki, "Mupumue basi, mbona munanichosha."

Madoa yakatoweka. Mkono ukaenda kwenye simu. Nikaurudisha. Nikaendelea na chumvi, na chupa, na jagi, huku samaki wakiwa safi machoni pa kila mtu.

"Si wamepona?" dada akauliza.

"Hapana. Wanaonekana tu."

"Weye ni mugumu!"

Tuliendelea hadi nilipokuwa na hakika kwamba hata aliyechelewa chini kabisa alikuwa ameshatoka na kukutana na chumvi. Mtandao uliporudi, nilimrekodia jirani sauti nyingine. Nilimwambia nilimdanganya bila kujua, kwamba samaki wake mmoja amekufa kwa sababu nilileta wa sita, na kwamba wanne wako hai. Nilisubiri jibu nikiwa nimeshika ukuta. Lililokuja ni sauti ya mkewe.

"Ni yupi? Ule wa mkia mrefu?"

"Hapana, mama. Ule mdogo wa tumbo jeupe."

Akanirudishia sauti nyingine: "Huyo alikuwaka mvivu wa kula. Chunga hao wanne. Tunarudi."

Walirudi kwa boti, wakiwa na mifuko michache kuliko waliyoondoka nayo. Jirani hakuketi kwanza. Alikuja mezani, akainama, na samaki wote wanne wakapanda juu kuomba chakula. Akacheka kile kicheko chake, na bibi akashtuka jikoni akaangusha kifuniko.

"Mutoto," akasema, "umewanenepesha!"

Mkewe alikuwa ameshalaza shavu kwenye kioo. Walibeba sanduku wawili, mimi nikashika mlango.

Tangu hapo, samaki mgeni hukaa kwanza peke yake katika beseni, majuma kadhaa, hata akionekana mzima kiasi gani. Nimepata sanduku langu mwenyewe, dogo, na ndani yake kuna samaki watatu, wala simtafuti wa nne.