Chupa Iliyofukiwa Nyuma ya Goli

Bon, mucheke mapema tumalizane, maana siku ile pale Kashikishi hata samaki wakavu walinicheka. Mimi ndiye golikipa aliyeacha goli wazi akaenda kuchimba muchanga, batu wote wa pwani ya ziwa Mweru wakitazama.

Ilikuwa miaka ya tisini inakwisha, ninasoma koleji Nchelenge, ninalinda goli la timu yetu, na mitihani ilikuwa inanimaliza: hesabu usiku, mazoezi asubuhi, chakula hakipiti kooni, nimekonda mpaka jezi ilikuwa inacheza mupira peke yake. Sikumwambia mutu. Mwanaume wa Kilwa, ile ya ng'ambo ya Mweru, avuke ziwa zima kuja kulia? Hapana.

Koci alikuwa amesema golikipa atakayelinda vizuri kwenye mechi na wavuvi wa Chisenga ndiye atakwenda Mansa kwa mashindano ya makoleji. Na nyuma yangu alikuwa Chola, golikipa wa pili, kijana mupole (mupole kupita kiasi, ukiniuliza). Kila asubuhi ananiita kaka mukubwa: "Ba yaya, umelala?" Sasa mutu anayefuata usingizi wako kila siku anatafuta nini, kama hapimi dawa yake imefika wapi? Tena alitaka kunibebea glavu! Kwetu kuna timu zinaruka ukuta badala ya kupita mulangoni, zikiogopa kilichofukiwa pale, halafu mimi nimpe glavu?

Siku ya mechi, tukipasha mwili, nikamwona Chola nyuma ya goli langu, pale muchanga unapoloweshwa na ziwa, anafukia kitu huku akitazama kushoto na kulia. Moyo ukasema: dawa njo hiyo. Ningemuuliza tu, yote yangeishia pale. Nikaamua kunyamaza, nimukamate na ushahidi kama polisi.

Mechi ilikuwa haijachangamka bado, mupira ukanipita katikati ya miguu, mupira ambao nyanya yangu angeudaka kwa kitenge. Nikajua kabisa: nimerogwa. Basi wenzangu walipoupeleka mupira kule mbele, nikapiga magoti nyuma ya goli, nikachimba kama mbwa, nikatoa chupa, ndani maji ya rangi ya matope na nyuzi za mizizi, nikaiinua na kupiga kelele mpaka ziwa likatetemeka:

"Muone! Dawa ya Chola njo hii!"

Nikaimwaga yote. Na golini alibaki nani? Hakuna mutu. Wavuvi walikuja na mupira polepole, wakaingia nao kama wanaingia kwao.

"Iwe, weye!" Alikuwa mama yake Chola, muuza samaki, anakuja mbio. "Unamwaga munkoyo yangu? Nimeitengeneza kwa ajili yako weye! Mutoto wangu kila siku ananiambia, mama, ba yaya hali chakula, mitihani itamuua. Ameifukia ipate baridi, wengine wasiinywe, na weye unaita dawa?"

Munkoyo, mwebantu, jamani! Kinywaji cha unga na mizizi ambacho nimekinywa karibu tangu tumboni! Woga ulikuwa umenifunga hata pua.

Koci akanionyesha njia ya kutoka uwanjani. "Mupe Chola glavu."

Chola akazivaa taratibu. "Ba yaya," akaniambia, "kama nilitaka nafasi yako, si ningekuacha tu ufe njaa?"

Alidaka kila kitu siku ile, pengine hata ndege, na Mansa akaenda yeye. Mimi nilibaki na mama yake pale sokoni anapouza, akaniwekea bwali, ugali wa kule, na samaki, akasimama juu yangu kama askari, na kati ya matonge nikajikuta ninaeleza yote, hesabu, kukosa usingizi, kuogopa kurudi nyumbani mikono mitupu, machozi yakidondoka mu muchuzi mbele ya soko zima.

"Haya yote yalikuwa mu kifua kimoja?" akauliza. "Kula, mutoto."

Jezi namba moja sikuipata tena. Lakini niliapa, na kiapo ninakishika: nikimushuku mutu, kwanza ninakula, ndipo ninakwenda kumuuliza yeye mwenyewe. Na mara nyingi nikishashiba, hata neno la kumuuliza silioni tena.